Tumbo na uchovu usioisha: nyuzinyuzi, mtindi, kuacha vyakula vya gesi, au vidonge vya bakteria?

Mtu anayeamka amechoka kama hakulala, miezi na miezi, au anayeumwa mwili mzima ilhali eksirei na damu havionyeshi kitu, mara nyingi ana tumbo lenye vituko pia. Linajaa gesi ifikapo jioni. Choo kinakaza siku nne, ya tano kinakuwa maji. Mambo haya huandamana: fibromialjia (maumivu sugu ya mwili mzima), ugonjwa wa uchovu sugu unaofupishwa ME/CFS, na utumbo nyeti unaojulikana kama IBS hukutana kwa mgonjwa mmoja mara nyingi kiasi kwamba daktari makini akiona mmoja huuliza habari za mwingine.

Kinachofuata ni ushauri. Shangazi anasema kula maharage na dodo (mchicha). Jirani kutoka Mbarara anasema kunywa bongo, yaani maziwa yaliyoganda. Simu inasema acha chapati na vitunguu. Muuza famasi ana kopo la vidonge vya bakteria wazuri. Kila mmoja ana hoja yake. Anayefuata wote wanne wiki moja hataweza kujua kilichomsaidia wala kilichomuumiza, na baada ya mwezi huacha vyote.

Tumbo linaingiaje hapa

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walilinganisha bakteria wa utumboni wa wanawake 77 wenye fibromialjia na wa watu 79 wasio nayo, wakaona tofauti. Mwaka 2023 makundi mawili ya Marekani, moja la Chuo Kikuu cha Columbia na jingine la Jackson Laboratory, yaliona jambo linalofanana kwa wagonjwa wa ME/CFS: bakteria wanaotengeneza butireti walikuwa wamepungua. Butireti ni asidi inayotokana na nyuzinyuzi zikichachuka ndani ya utumbo mpana. Ndiyo chakula cha seli za ukuta wa utumbo, na hupoza uvimbe. Ukuta ukidhoofika, vipande vya bakteria hupenya kwenye damu na kuiamsha kinga ya mwili. Pia mishipa ya fahamu ya tumbo huwa nyeti, gesi ya kawaida ikasikika kama kisu.

Ila kuruka kutoka hapo hadi "ponya utumbo, uchovu utaisha" ni maneno ya wauzaji. Mtu mchovu hatembei sana, hula tofauti na zamani, humeza dawa nyingi, na yote hayo hubadilisha bakteria. Kipi kilitangulia bado kinabishaniwa. Tarajio la haki ni hili: tumbo linaweza kutulia ndani ya wiki chache, usingizi ukapata nafuu kwa sababu hakuna msokoto wa usiku, na uchovu au maumivu yakashuka kiasi. Wachache hupata zaidi ya hapo.

Kwanza, yale ambayo chakula hakiwezi kuyatibu

Uganda ina magonjwa mengi yanayovaa sura ya uchovu sugu. Kabla ya kugusa sahani, pima wingi wa damu, na feritini (akiba ya chuma mwilini) pale inapowezekana, choo kwa mayai ya safura na ya kichocho, hasa kwa aliyeoga au kuvua Ziwa Victoria, Ziwa Albert au Nile, sukari, VVU, tezi ya shingo. Mwenye jasho la usiku, maumivu ya mgongo na homa inayokuja na kuondoka, kisha akawa mnywaji wa maziwa yasiyochemshwa, apimwe bruselosi, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo. Ugonjwa huo huiga fibromialjia vizuri sana, na tiba yake ni antibiotiki mbili kwa pamoja kwa wiki 6. Hautibiki kwa mtindi. Kikohozi kikiambatana na jasho hilo, TB nayo ipimwe.

Kuhusu vidonda vya tumbo, neno "alsa" hutumika kwa kila kiungulia. Kipimo cha choo cha antijeni ya H. pylori, bakteria wa vidonda, kinaaminika, mradi uache omeprazole (dawa ya kupunguza asidi) wiki 2 na antibiotiki wiki 4 kabla yake. Bila hivyo kinaweza kusema hakuna kumbe wamo. Tahadhari pia na kipimo cha Widal. Widal moja si ushahidi wa kutosha wa taifodi, na mtu mwenye uchovu anaweza kutibiwa taifodi mara tatu kwa mwaka kwa siprofloksasini. Kila dozi inafyeka bakteria wale wale anaotaka kuwarudisha.

Choo chenye damu au cheusi kama lami, kukonda bila kukusudia, kutapika kusikokoma, kuharisha kunakokuamsha usiku, au dalili zilizoanza baada ya miaka 50: hayo ni ya hospitali, wiki hii hii.

Na dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zikimezwa kila siku huchubua tumbo na utumbo mwembamba. Damu huvuja kidogo kidogo, chuma kinapungua, uchovu unaongezeka, na mgonjwa anaongeza kidonge. Kuna watu ambao badiliko kubwa kuliko yote manne yafuatayo lingekuwa kuukata mzunguko huu kwa msaada wa daktari.

Vigezo vya kulinganisha

Tumeziangalia njia nne kwa mambo matano: ushahidi uliopo kwa uchovu, maumivu au tumbo nyeti, muda hadi kuona dalili, gharama, kinachoharibika, na zinamfaa nani. Kwenye gharama tumeweka kitu ambacho ulinganisho mwingi hukisahau, nacho ni nguvu za kupika. Mwenye ME/CFS akisimama saa mbili mbele ya sigiri analipa kesho yake. Mpango mzuri unaomlaza kitandani siku mbili si mzuri.

Hilo linaleta kosa ambalo ni rahisi mno kulifanya. Katika ME/CFS, kuzidisha shughuli huangusha mwili saa 12 hadi 48 baadaye. Mtu anakwenda soko la Owino Jumatatu, Jumanne anakula maharage, Jumatano hawezi kuinuka, na maharage ndiyo yanayolaumiwa. Kwa hiyo tumia daftari, wiki 2 kabla ya kubadilisha chochote na muda wote baada ya hapo. Kila jioni andika mistari mitano tu: maumivu kutoka 0 hadi 10, uchovu kutoka 0 hadi 10, choo mara ngapi na kikoje, saa za usingizi, na shughuli nzito ya siku. Wanawake waongeze siku ya hedhi, maana tumbo na maumivu hubadilika nayo.

Njia ya kwanza: kuongeza nyuzinyuzi polepole

Wazo hili lina mizizi Kampala. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, na Hugh Trowell, tabibu wa hapo hapo, waliona kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaa Uingereza yalikuwa adimu kwa wagonjwa wao Waganda, na katika miaka ya 1970 wakaieleza dunia kwamba sababu kubwa ni nyuzinyuzi kwenye chakula. Leo mji ule ule unaishi kwa posho (ugali) ya unga mweupe, chapati na rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai). Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kwa mtu mzima.

Ushahidi: kwa tumbo nyeti, nyuzinyuzi laini zinazoyeyuka, hasa isabgol (maganda ya mbegu za psiliamu), zina msaada unaotambuliwa na miongozo ya madaktari. Pumba za ngano hazina sifa hiyo. Huongeza gesi na maumivu. Kwa uchovu wenyewe hoja ni ya mantiki zaidi kuliko majaribio: butireti inatokana na nyuzinyuzi, basi wape bakteria malighafi. Muda: choo hubadilika ndani ya siku 3 hadi 14, mengine ngoja wiki 8.

Namna ya kufanya ndiyo inayoamua kila kitu. Ongeza gramu 3 hadi 5 kwa wiki, usizidishe. Kwa kukadiria, gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina gramu 6 au 7. Nusu ya ovakado ya wastani karibu hivyo hivyo. Pera moja dogo gramu 3 hivi. Wiki ya kwanza ongeza pera moja kwa siku au vijiko vinne vya maharage, na hapo hapo simama. Wiki ya pili badilisha posho ya unga mweupe mara tatu kwa kalo (ugali wa wimbi), au kwa posho ya unga usiokobolewa. Wiki ya tatu leta mboga za majani, nakati au dodo, kila siku. Matooke (ndizi za kupika) na viazi vitamu vina faida ya ziada: vikipikwa vikapoa, sehemu ya wanga wake hugeuka kuwa wanga sugu, ambao hufika utumbo mpana bila kumeng'enywa na kuwalisha bakteria. Kiporo cha matooke kilichopashwa moto asubuhi kina kazi, alimradi kililala mahali pa baridi na kikapashwa hadi kichemke.

Maharage yaloweke saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya. Maji ya kulowekea hutoka na sehemu ya sukari zinazotoa gesi. Na yatokote kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto: maharage mekundu yaliyochemka kwa moto mdogo tu yana sumu inayotapisha. Asiye na nguvu za haya yote anunue isabgol. Kijiko kimoja cha chai kwenye glasi kubwa ya maji, koroga, kunywa mara moja kabla haijawa uji mzito, kisha glasi nyingine ya maji. Baada ya wiki panda hadi vijiko viwili, ukiweza vitatu kwa siku. Iachane na dawa zako kwa saa 2 kwani inaweza kuzuia zisinyonywe. Mwenye shida ya kumeza asiiguse.

Kinachoharibika: haraka. Mtu anatoka gramu 10 hadi 30 kwa siku mbili, tumbo linavimba kama ngoma, anahitimisha kwamba nyuzinyuzi si zake. Kosa la pili ni maji kidogo. La tatu ni kumwaga nyuzinyuzi juu ya choo kilichokwama wiki nzima; hapo kwanza pata dawa ya kulainisha, njia ifunguke. Njia hii inamfaa mwenye choo kigumu, mwenye bajeti ndogo, na anayekula zaidi vyeupe vilivyokobolewa. Mwenye tumbo linalovimba kwa kila kitu atateseka nayo mwanzoni.

Njia ya pili: vyakula vilivyochachuka

Jaribio linalotajwa sana ni la Chuo Kikuu cha Stanford, lililochapishwa mwaka 2021. Watu 36 waligawanywa, kundi moja likala vyakula vilivyochachuka kwa wingi, jingine nyuzinyuzi nyingi, kwa wiki 10. Kundi la vilivyochachuka lilipata aina nyingi zaidi za bakteria, na viashiria 19 vya uvimbe kwenye damu vikashuka. Kundi la nyuzinyuzi halikuonyesha mshuko huo wa jumla. Tatizo ni kwamba washiriki walikuwa watu wenye afya, na walifika sehemu sita kwa siku, kiasi ambacho wachache wetu wangekimudu. Kwa mgonjwa wa uchovu, chukulia hili kama dalili njema, si zaidi.

Uganda inavyo vyakula hivi tayari: mtindi, bongo, bushera ya Kigezi (uji wa mtama uliochachuka), na yogati zinazotengenezwa kwa kimea (kianzio cha bakteria) cha Yoba, ambacho kina bakteria wa jamii ya Lactobacillus rhamnosus wanaolingana na wale waliochunguzwa sana duniani. Pakiti moja ya gramu 1 inatosha hadi lita 100 za maziwa, ndiyo maana wazalishaji wadogo wa magharibi waliipenda.

Mtindi wa nyumbani unataka nguvu kidogo kuliko unavyofikiri. Chemsha lita 2 za maziwa, yaache yatokote taratibu dakika chache. Acha yapoe hadi nyuzi 45 hivi. Bila kipimajoto, kidole safi kivumilie hesabu ya kumi bila kuungua. Koroga vijiko 4 vya chakula vya yogati hai isiyo na sukari, funika, viringisha blanketi au mimina kwenye chupa ya chai iliyooshwa kwa maji ya moto, usiguse saa 6 hadi 10. Ukibaki maji, ama maziwa yalikuwa ya moto mno yakaua kimea, ama yogati uliyoanzia ilikuwa imeshachemshwa kiwandani na hakuna hai ndani. Ukivutika kama makamasi, ukiwa na doa la waridi au ukungu, mwaga.

Anza na vijiko 2 au 3 kwa siku tatu, kisha nusu kikombe, kisha kikombe kimoja kila siku. Wiki 4 hadi 8 zinatosha kuamua.

Sasa hatari, na hapa hatuna upole. Bongo ya maziwa mabichi si chakula cha mgonjwa. Kuchachuka hakuhakikishi kifo cha Brusela, bakteria wa bruselosi, na ukanda wa ng'ombe kutoka Ankole hadi Karamoja unaujua ugonjwa huo. Mtu aliyekwenda kutafuta nafuu ya viungo anaweza kurudi na viungo vibaya zaidi. Maziwa yachemshwe kwanza, kisha yachachushwe. Bushera nayo: ya siku moja ni tamu, kadiri siku zinavyokwenda inakuwa chachu na kupata kilevi, na unga wa mtama ulioota huongezwa baada ya uji kupoa, kwa hiyo usafi wa maji na chombo ndio kila kitu. Mtengenezee mgonjwa kwa maji yaliyochemshwa. Wenye kipandauso wachunguze, kwani vilivyochachuka huwachokoza baadhi. Yogati ya dukani yenye sukari nyingi ni peremende ya maji.

Inamfaa aliyetoka kwenye antibiotiki, mwenye hamu ndogo ya kula, aliyekonda, na anayehitaji protini bila kutafuna sana. Asiyevumilia maziwa mara nyingi huuvumilia mtindi uliokaa saa nyingi kwani laktosi, sukari ya maziwa, imepungua.

Njia ya tatu: kuacha vyakula vya gesi kwa muda

Mpango huu unaitwa FODMAP na ulijengwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne. Unaondoa sukari fupi zisizonyonywa vizuri, ambazo huvuta maji utumboni na kuchachuka upesi. Kwa IBS una ushahidi mzito kuliko lishe nyingine yoyote. Nusu ya wagonjwa au zaidi hupata nafuu. Kwa fibromialjia kuna utafiti mdogo wa Ureno wa mwaka 2016, wanawake 38, ambao maumivu na matatizo ya tumbo yalipungua, ila hakukuwa na kundi la kulinganisha. Faida yake kubwa ni kasi: kama inakufaa, utajua ndani ya wiki 2 hadi 4.

Sahani ya Uganda inaukubali kuliko watu wanavyodhani. Vinavyobaki ni wali, posho, kalo, viazi mviringo, ndizi mbichi, mayai, samaki, mukene (dagaa), kuku, nyanya, karoti, biringanya, mchicha, tangawizi, nanasi, samli, na karanga kiasi cha kiganja. Vinavyoondoka ni maharage, njegere, kunde, vitunguu maji na saumu, chapati, mkate na mandazi ya ngano, maziwa matamu, embe, tikitimaji, ndizi zilizoiva sana, asali. Ovakado na viazi vitamu vinaruhusiwa kwa kipande kidogo tu. Viungo vya pakiti visomwe, vingi vina unga wa kitunguu.

Kitunguu ndicho kilio. Dawa yake: sukari zake huyeyuka kwenye maji, kwenye mafuta haziyeyuki. Kaanga vipande vikubwa vya kitunguu kwenye mafuta matupu, vitoe vyote, ndipo uweke nyanya. Ladha inabaki. Majani ya kijani ya kitunguu yanaruhusiwa. Katika nyumba yenye chungu kimoja, chota sehemu yako kabla kitunguu hakijaingia; kupika mara mbili kutakumaliza.

Baada ya wiki 4, uwe umepona au hujapona, unarudisha. Hapa ndipo wengi hupotea. Jaribu kundi moja kwa siku tatu, kiasi kikipanda: maziwa robo kikombe, nusu, kikombe, maharage vijiko 2, robo kikombe, nusu, chapati nusu, moja, moja na nusu, kitunguu kilichopikwa kijiko kimoja, viwili, robo ya kitunguu. Pumzika siku 2 au 3 kabla ya kundi lingine. Zoezi zima huchukua wiki 6 hadi 8 hivi. Wengi hugundua adui ni mmoja au wawili, na mara nyingi ni swali la kiasi kuliko la aina.

Kinachoharibika: mtu anapata nafuu wiki ya tatu, anaogopa kurudisha, anakaa mwaka mzima kwenye wali na mayai. Bakteria wa jamii ya Bifidobacterium hupungua katika lishe hii ikikazwa, yaani unadhoofisha kile kile ulichotaka kukijenga. Mfuko nao unaumia: ukiondoa maharage umeondoa protini ya bei nafuu, na mukene au mayai lazima yazibe pengo. Tena inataka akili ya kusoma na kukumbuka, kitu ambacho ukungu wa kichwa wa fibromialjia hauruhusu kila siku. Bandika orodha ukutani.

Inamfaa mwenye tumbo linalovimba na kuharisha, ambaye ana mtu wa kumsaidia jikoni. Haimfai aliyekonda, mjamzito, mtoto, wala mtu mwenye historia ya kujinyima chakula.

Njia ya nne: vidonge vya bakteria

Hapa ni haraka, kwa sababu hakuna mengi ya kusimama juu yake. Chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani mwaka 2021 kilishauri wagonjwa wa IBS wasivitumie kwa dalili za jumla. Kile cha Uingereza, mwaka huo huo, kilisema unaweza kujaribu hadi wiki 12 na kuacha kama hakuna badiliko. Kwa ME/CFS na fibromialjia majaribio ni madogo. Havihitaji kupika, na hilo si jambo dogo. Lakini bei ni ya kila mwezi.

Ukinunua, tafuta kwenye kopo jina kamili la bakteria pamoja na namba au herufi za aina yake. "Lactobacillus" peke yake ni kama kuandika "ng'ombe" bila kusema ni Ankole au wa kizungu. Angalia idadi iliyoahidiwa hadi tarehe ya mwisho, kwa sababu ile ya siku ya kutengenezwa haikusaidii. Kisha uliza kopo lililala wapi. Duka la mabati Arua au Moroto saa nane mchana linaua bakteria wanaotakiwa kukaa kwenye friji, na hakuna rangi wala harufu itakayokuambia. Saccharomyces boulardii ni hamira, si bakteria; haiuawi na antibiotiki, na ina kazi inayojulikana: kupunguza kuharisha kunakoletwa na dawa hizo. Mwenye kinga dhaifu sana, au mwenye mrija kwenye mshipa mkubwa, asimeze chochote hai bila daktari.

Inamfaa mwenye uwezo wa kulipia majaribio ya wiki 4 hadi 12, asiyevumilia maziwa, au anayesafiri. Kumeza aina tatu kwa pamoja ni kutupa pesa.

Uanze na ipi

Kama choo kinakaza na tumbo halivimbi sana, anza na nyuzinyuzi, na kama nguvu ni chache anza na isabgol. Tumbo likivimba hata kwa sahani ndogo, nyuzinyuzi zisubiri: fanya mpango wa kuacha vyakula vya gesi kwa wiki 4, rudisha, kisha ndipo uongeze nyuzinyuzi ulizoona unazivumilia.

Aliyemeza antibiotiki mara kadhaa mwaka huu aanze na mtindi wa maziwa yaliyochemshwa. Aliyekonda, mjamzito, au anayeishi na VVU na bado hajajenga kinga, hali kadhalika, baada ya kuongea na kliniki yake. Mpango wa kuacha vyakula asiuguse.

Anayelala kitandani siku nyingi hana haja ya mpango wenye chungu. Yogati isiyo na sukari kutoka dukani, na baada ya wiki 4 isabgol, vinatosha; nguvu zilizobaki azipangie mambo mengine. Mwongozo wa NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, wa mwaka 2021 kuhusu ME/CFS unasisitiza kupanga nguvu ndani ya mipaka ya mwili, na ukaondoa ushauri wa zamani wa mazoezi ya kuongezwa kila wiki.

Mwenye maumivu makali ya mwili ilhali tumbo limetulia, njia zote nne ni za pembeni kwake. Amuulize daktari kuhusu amitriptilini kwa dozi ndogo, kati ya miligramu 10 na 25 usiku, ambayo hutumika kwa fibromialjia na kwa tumbo nyeti pia, badala ya kuendelea na diklofenaki kila siku. Dawa hiyo hukaza choo, kwa hiyo yeye aanze isabgol wiki ile ile. Ndiyo mara pekee ambapo tungekubali mabadiliko mawili kwa pamoja kwenye daftari moja.